Tairi za Kuteremkia Maviani

Musyoka alifika Kiboko Jumamosi asubuhi, mvua ya Aprili ikiwa ndiyo kwanza imeshika, na nyuma ya pikapu yake alikuwa amebeba baiskeli ya marehemu mke wake. Wayua alimwona kupitia dirisha la jikoni. Aliitambua baiskeli kabla ya kumtambua mtu: fremu ya kijani, usukani mpana, kiti kilichoshonewa kitambaa cha jinzi na mwenye baiskeli mwenyewe. Alisimama pale na kikombe mkononi, akingoja moyo umruke. Haukuruka. Akakiweka kikombe kwenye sinki, akaenda kufungua mlango.

Tangu mazishi alikuwa hivyo. Watu wa kanisa walikuja wakalia, yeye akawapakulia chai na githeri. Kazini, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, alipima mbegu za mtama na pojo kama kawaida, na wenzake wakasema amejikaza vizuri sana. Hakuwa amejikaza. Alikuwa kama ufizi uliodungwa sindano ya ganzi na daktari wa meno. Unajua kinachofanyika, unasikia chuma kikigonga jino, lakini maumivu yenyewe ni kama yako kwa mtu mwingine.

"Karibu, Mwalimu."

"Ahsante. Sikai." Lakini aliingia, akakaa.

Musyoka alifundisha jiografia katika shule ya upili moja karibu na Kasikeu, na Jumamosi aliongoza mazoezi ya kwaya. Alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye hata viatu vyake vya shambani alivipiga rangi. Miaka yote ambayo mkewe Yvonne na Wayua walipanda milima pamoja kwa baiskeli, yeye aliwaona wakiondoka wasafi na kurudi na matope hadi masikioni. Yvonne alikuwa fundi wa nguo pale sokoni Kasikeu. Juma zima alishona sare za shule na majoho ya kwaya. Jumamosi alifunga kibanda, akavaa helmeti, akawa mtu mwingine kabisa.

"Nataka kuteremka Maviani," Musyoka akasema. "Na hii baiskeli. Wakati wa mvua, vile ilikuwa."

Maviani ndivyo watu wanavyoiita sehemu ya juu ya njia inayoshuka kutoka kilima kilicho nyuma ya Kasikeu. Ni mawe juu ya mawe, yamepangana vibaya kama vyombo vilivyotupwa. Kiangazi mbuzi hupita. Mvua ikinyesha, maji huja katikati ya njia na mawe huota utando wa kijani unaoteleza kama bamia. Hapo ndipo Yvonne alipoanguka Novemba. Wayua alikuwa mbele. Alifika chini, akaegemeza baiskeli kwenye ua wa mtu, akamenya ndizi akaila huku akimngojea. Alipomaliza ndizi ndipo alipoanza kupanda kurudi.

Mtu mwenye hisia zake angemwambia Musyoka hapana. Wayua alimuuliza kwa sauti ile ile ambayo angemuuliza kama anatumia sukari:

"Unataka kufa?"

"Hapana." Hakukasirika. "Nataka kufika chini."

"Umewahi kuendesha kwenye mawe?"

"Nilikuwa nikienda shule na ile nyeusi kubwa ya baba."

"Hiyo si kuendesha kwenye mawe."

"Ndiyo maana nimekuja kwako." Musyoka aliangalia mikono yake. "Kuna mwalimu mwenzangu ameniambia tairi ndizo zilimwangusha. Ati zilikuwa za kiangazi. Ni kweli?"

Walitoka nje. Wayua alipanda nyuma ya pikapu, akachuchumaa karibu na baiskeli na kuibonyeza tairi ya mbele kwa kidole gumba. Upepo ulikuwa umeisha kwa kukaa stoo miezi hiyo yote. Meno yalikuwa mafupi, yamekaribiana, na mpira ulikuwa mgumu kidogo, wa njia kavu zenye changarawe. Lakini hayakuwa yameisha. Ubavu haukuwa na mpasuko. Wayua mwenyewe alikuwa ameteremka Maviani kwa tairi mbaya kuliko hizo.

"Sijui," alisema.

Na kweli hakujua.

"Sawa," Musyoka akasema. "Nichagulie nyingine."

Walienda Kitui mjini, kwenye duka la baiskeli la Shee. Nairobi kuna maduka makubwa zaidi, lakini Yvonne hakununua kitu Nairobi ikiwa angeweza kukipata kwa Shee, na Musyoka hakutaka kubadilisha hilo. Walishika barabara ya Kibwezi, wakavuka mto Athi uliokuwa umejaa maji mekundu, wakapita Ikutha bila kuongea. Redio ya pikapu ilikuwa imeharibika, na hakuna aliyeitamani.

Mutomo walisimama kunywa chai. Ilikuwa siku ya soko, mbuzi wamefungwa kila mahali penye mti au nguzo. Musyoka alikoroga chai yake kwa muda mrefu ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka.

"Kila Jumamosi aliniambia, njoo hata mara moja usimame pale chini utuone tukishuka," alisema. "Nami nikimwambia, kwaya. Miaka yote hiyo, kwaya. Utadhani watu wa sauti ya nne wangepotea nisipokuwapo."

Wayua alijua kwamba hapo mtu hunyoosha mkono na kumshika mwenzake bega. Aliuangalia mkono wake mezani, karibu na kikombe. Mkono ulibaki pale pale.

"Chai inapoa, Mwalimu," alisema.

Duka la Shee liko kwenye mtaa wa nyuma, na kuanzia mlangoni kunanuka mpira mpya na grisi. Mzee Shee alikuja Kitui kutoka pwani akiwa kijana, na siku hizi hukaa kwenye kiti cha plastiki akisalimiana na watu, huku binti yake Naila akiendesha biashara. Naila alikuwa amevaa buibui na juu yake aproni ya kitambaa kizito. Alipomwona Wayua alifungua mikono.

"Dada Wayua! Mmepotea nyinyi! Na Yvonne yuko wapi? Mwambie zile pedi za breki alizoniagiza nimezipata, nimezificha mpaka nimechoka kuzificha."

Wayua alikuwa amewaza tairi njia nzima, na hakuwaza kwamba hapa habari haikuwa imefika.

"Mimi ni mume wake," Musyoka akasema. "Yvonne alituacha Novemba. Alianguka na baiskeli."

"Inna lillahi." Naila alikaa juu ya boksi. Machozi yalimtoka hapo hapo, kirahisi, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Mzee Shee alisimama kutoka kwenye kiti chake, akaja polepole, akamshika Musyoka mkono kwa mikono yake miwili na kuushikilia. Wayua aliwaangalia wote watatu kama mtu anayeangalia watu ng'ambo ya mto.

"Alianguka wapi?" Naila aliuliza baadaye.

"Kwenye mawe. Kulikuwa na mvua," Musyoka akasema. "Tairi alinunua kwenu."

Naila akamtazama. Hakujitetea. "Alinunua kwetu," akasema. "Nilimfungia mwenyewe. Ziko wapi?"

Musyoka alitoka akaileta baiskeli yote ndani. Naila alichukua taa ya mkononi, akalizungusha gurudumu polepole, akipitisha vidole kwenye meno, kisha kwenye ubavu, kisha ukingoni mwa rimu. Alimwita Wayua naye aangalie. Waliangalia pamoja, vichwa vikikaribiana. Tairi ilikuwa nzima. Gurudumu lilikuwa limenyooka. Breki zilishika.

"Mwalimu," Naila akasema, "ningeona kosa ningekuambia, hata kama ni langu. Silioni."

Musyoka aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuitikia hata baada ya Naila kunyamaza. Wayua aliona jinsi mabega yake yalivyoshuka. Alikuwa amekuja Kitui na mshtakiwa nyuma ya pikapu, na sasa mshtakiwa ameachiliwa.

"Haya," Wayua akasema, kwa sababu mtu alipaswa kusema kitu. "Tuonyeshe za mvua."

Naila alishusha tairi tatu kutoka kwenye misumari ya ukutani. Musyoka alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye ile yenye meno marefu, yaliyoachana kama ya mamba.

"Hii," alisema. "Hii inaonekana inaweza kushika kitu."

"Hiyo inashika matope," Wayua akasema. "Udongo laini. Inazama, inauma. Lakini jiwe haliumwi. Ukiiweka kwenye jiwe lililolowa, inasimama juu ya ncha za meno kama mtu aliyevaa viatu vya visigino. Ukipinda kidogo, meno yanalala na wewe unalala nayo."

Alishangaa kujisikia akiongea maneno mengi hivyo. Sauti ilikuwa yake, lakini ilikuwa ikiongea yenyewe, kama mashine iliyobonyezwa kitufe. Aliichukua ya pili, akaibonyeza kwa ukucha. Alama ya ukucha ilibaki kwenye mpira, kisha ikajifuta taratibu.

"Umeona? Mpira laini. Unajilaza juu ya jiwe, unalifuata umbo lake. Meno ni ya kadiri, na ya pembeni yana nguvu. Ni pana, kwa hiyo unaweza kupunguza upepo bila jiwe kugonga rimu. Hii ndiyo ya mbele. Mbele ikiteleza umekwisha. Nyuma ikiteleza unaweza kuiwahi."

"Na nyuma?"

"Ile ya tatu. Inafanana na hii, lakini mpira wake ni mgumu kidogo na ubavu ni mzito. Uzito wako uko nyuma, mawe yanapiga huko."

"Na mtoe tyubu," Naila akaongeza. "Ukiwa na upepo kidogo, jiwe linaibana tyubu kwenye rimu, inatoboka. Nitawawekea ile dawa ya maji inayoziba matundu."

"Hizi zitakaa muda gani?" Mzee Shee aliuliza kutoka kwenye kiti chake, kama mteja.

"Hazikai sana, baba. Mpira laini unaisha haraka. Kwenye lami ndio kabisa."

Musyoka aliibonyeza tairi kwa ukucha wake, kama alivyofanya Wayua, na kungoja alama ijifute. Akarudia. Naila alizifunga zile tairi mwenyewe, na pedi za breki alizomwagiza Yvonne akazifunga pia. Hakuna aliyemwambia azifunge, wala aliyemkataza.

Kabla ya Maviani, Wayua alimfundisha Musyoka kwenye mwamba mdogo ulio nyuma ya nyumba yake, ule ambao watu huanikia mahindi kiangazi. Aliumwagia maji kwa ndoo. Alimwonyesha jinsi ya kusimama kwenye pedali, magoti yakiwa yamelegea, macho yakiangalia anakotaka kwenda na si anakoogopa. Alimwonyesha jinsi ya kutoa upepo kidogo kidogo mpaka tairi ikubali kubonyea. Musyoka aliteleza, akaanguka, akainuka, akapangusa suruali, akarudi juu. Hakulalamika. Wayua alikuwa hajaigusa baiskeli yake tangu Novemba. Siku ya kwanza alipoipanda, mwili ulikumbuka kila kitu na yeye hakuhisi lolote.

Jumamosi moja katikati ya Mei mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi ikaendelea. Musyoka alipiga simu. "Ni leo," alisema.

Walipanda kilima wakisukuma baiskeli, maji yakiwatiririkia shingoni. Juu kulikuwa na ukungu, na Kasikeu yote imefutika isipokuwa mabati mawili matatu. Musyoka alifunga mkanda wa helmeti mara ya pili.

"Tangulia," Wayua akasema.

"Si wewe ndiye unajua njia?"

"Tangulia, Mwalimu. Mimi nitakaa nyuma."

Musyoka alitangulia. Aliendesha polepole, kama mzee anayeshuka ngazi, na tairi mpya zikafanya kazi yake. Wayua aliziona zikigusa jiwe, zikipanuka, zikisita nusu ya sekunde, kisha zikishika. Pale juu waliteremka vizuri. Kisha Musyoka akafunga breki, akaweka mguu chini.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

Hapakuwa na kitu. Jiwe pana lililoinama, sawa na la kabla yake na la baada yake, maji yakipita juu. Musyoka alitafuta kwa macho, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya jiwe. Mvua ilimpiga mgongoni.

"Hakuna alama," akasema.

"Mvua imepita mara nyingi."

"Na hizi tairi, angepita?"

Wayua alivuta pumzi. "Alikuwa amepita hapa na zile zile za zamani, na mvua kama hii. Mara nyingi. Siku ile hakupita. Ukiniuliza tena nitakuambia hivyo hivyo."

Musyoka alibaki amechuchumaa. Wayua alifikiri atalia, na akajiandaa kusimama karibu naye akilia, kama alivyosimama karibu na watu wengi. Lakini Musyoka hakulia. Aliinuka, akarudi hatua kadhaa juu na baiskeli, akapanda. Tairi ya mbele ilifika kwenye jiwe, ikasogea upande kidogo, na Wayua akaona mguu wake mwenyewe ukikanyaga ardhi kwa nguvu kama ndiye aliyeshika breki. Kisha tairi ikashika. Musyoka alipita. Mbele kidogo, mahali pasipo na ubaya wowote, alisahau kuangalia njia, akaingia kwenye nyasi na kuanguka ubavu, polepole, kama gunia.

Wayua alimfikia. "Umeumia?"

"La." Alikuwa amelala chali, mvua ikimwingia machoni. "Hapa yeye alikuwa akifanya nini? Hapa hapa. Alikuwa kimya?"

"Yvonne? Kimya?" Wayua aliketi kwenye jiwe. "Alikuwa anayatukana mawe."

"Yvonne wangu? Kutukana?"

"Kwa Kikamba. Kila jiwe lilikuwa na jina. Lile lenye kona alisema ni shemeji, amekula ameshiba na bado haondoki. Lile la juu, kubwa, ambalo umelikwepa, aliliita mzee wa kanisa."

"Kwa nini?"

"Limekaa katikati ya njia na halimsaidii mtu."

Tumbo la Musyoka likaanza kutikisika, na Wayua alidhani sasa ndiyo, analia, kumbe anacheka. Alicheka akiwa amelala kwenye nyasi zilizolowa, mkono juu ya uso, na kicheko kikabadilika katikati kikawa kile kingine, na baadaye kikarudi tena kuwa kicheko. Wayua alimngoja. Hakucheka wala kulia. Alihisi maji ndani ya viatu, na vidole vikimuuma kwa kushika breki. Zaidi ya hayo, hakuna.

Walifika chini. Musyoka alirudi Maviani mara mbili zaidi kabla ya mvua kukatika, kisha akasema imetosha. Kwaya ilikuwa na tamasha mjini Wote, na watu wa sauti ya nne kweli walikuwa wamepotea. Wayua aliendelea kupanda peke yake baadhi ya Jumamosi. Alilala, akala, akapima mbegu.

Mwisho wa Juni alikuwa Kasikeu kumsalimia shangazi yake, amesimama kando ya lami akingoja lori lipite, aliposikia mlio kama wa nyuki wengi. Ulikuwa mlio wa meno ya tairi pana kwenye lami. Akageuka. Musyoka alikuwa anakuja kutoka shule, amevaa suruali iliyopigwa pasi na tai, begi la vitabu mgongoni, ameketi wima kwenye baiskeli ya kijani kama mhubiri.

"Wayua! Hujambo!"

"Hizo ndizo tairi?" Wayua akauliza.

"Ndizo. Naenda nazo kazini kila siku. Zinanipa raha sana."

"Kwenye lami?"

"Ndiyo, kwenye—"

"Mwalimu, kwenye lami?" Wayua aliinama, akaishika tairi ya mbele. Meno ya katikati yalikuwa yamelika, yamekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. "Si Naila alisema mbele yako? Si nilikuonyesha kwa ukucha? Nimetoka Kiboko mpaka Kitui nikakuchagulia mpira laini wa mawe, mpira wa mvua, nawe unausaga kwenye lami kwenda kufundisha mistari ya kontua! Hii ni akili? Huu ni utumizi wa kitu?"

Watu wa vibanda waligeuka. Sauti yake ilikuwa imepanda, na uso ulikuwa umemchemka mpaka masikioni. Alinyamaza ghafla, akaishika shingo yake, akakuta mishipa imesimama. Amekasirika. Alikuwa amekasirika kweli kweli, na hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Musyoka alikuwa ameshuka. Alishikilia baiskeli kwa mikono miwili, tai imepinda, akimtazama kwa makini sana.

"Umemaliza?" aliuliza taratibu.

"Bado," Wayua akasema, na kuendelea.